Moshi wa Meli kwenye Balkoni ya Shangazi

Kazi yangu ni kuzipa bandari alama. Nikilisema hilo kwenye harusi ya Watanzania hapa London, watu hunitazama kama nimesema nahesabu mawingu, halafu mama mmoja huuliza kama nimeolewa. Lakini ni kazi ya kweli, ina mkataba na kadi ya kufungulia mlango. Tunakaa ofisini, mbali na bahari yoyote, tunapima ni bandari ipi inayajali mazingira na ipi inajipaka rangi ya kijani tu. Tunaangalia umeme inaotumia, taka inazozalisha, kelele, maji machafu yanayomwagwa na meli, na hewa. Kila kimoja kina uzito wake. Tunajumlisha, tunagawanya, na mwisho bandari nzima, pamoja na kreni zake na ndege wake wa baharini na watu wanaokula chakula cha mchana juu ya kamba zilizoviringishwa, inakuwa namba moja yenye desimali mbili.

Nyingi kati ya bandari hizo sijawahi kufika, wala kunusa. Kuna moja niliipa alama nzuri kwa sababu ilikuwa na sera ya pomboo, imeandikwa vizuri, ina picha. Nyingine niliinyima, kwa sababu haikuwa na sera, ingawa picha zake zote zilikuwa na pomboo. Bandari moja ya pwani yetu haikujibu barua pepe zangu, ikabaki na safu nzima ya visanduku vitupu. Nilibishana na msimamizi wangu kutwa nzima kama kisanduku kitupu ni sifuri au ni kitupu. Yeye alisema ni sifuri. Mimi nilisema ni kitupu, lakini alipokubali nikaanza kuona hoja za sifuri.

Hivyo ndivyo nilivyo. Baba yangu huwaambia watu kwamba mtoto huyu ukimwambia salamu zako zimefika, anauliza zimefikaje. Chuo kikuu hakikunisaidia. Kilinipa tu maneno marefu zaidi ya kuulizia. Majira ya baridi mazima ofisini tulijadili swali moja: meli ikiwa imefungwa gatini, injini yake inaunguruma ili taa ziwake na friji zipoe, moshi ule ni wa bandari au ni wa meli? Bandari inayojali huweka umeme wa nchi kavu, meli ikachomeka waya na kuzima injini. Isiyojali huacha injini ziungurume na kusema meli si zangu. Mpaka wa bandari uko wapi, basi? Kwenye uzio? Kwenye maji? Juu hewani? Nilizungumza sana majira yale ya baridi. Nakumbuka nilichora hata duara.

Nyumbani naishi na Shangazi, dada yake baba, huko Woolwich. Nilikuja kukaa kwake kwa muda nilipomaliza masomo, na muda wenyewe sasa una pazia lake na rafu yake ya vitabu. Shangazi anafanya kazi ya kutunza wazee, shifti za kuvunja mgongo, na kabla ya fleti hii aliishi miaka mingi chumba kimoja juu ya duka la kuku wa kukaanga, nguo zake zote zikinuka kuku. Alisubiri nyumba ya shirika, zile za kodi nafuu, mpaka watu waliokuja London baada yake wakapata zao na kuhama. Siku alipopewa funguo za hapa alivua viatu nje ya mlango kabisa, akaingia kwa mguu wa kulia, akafika mpaka kwenye balkoni, akauona mto Thames umetanda mbele yake, akasema, "Mbona wamekosea. Hii watakuja kuichukua."

Hawakuja. Kilichokuja ni kifua. Majira ya baridi ya kwanza kilianza kumbana, kama mtu amemkalia. Zahanati wakampa inhela ya bluu, kile kidude cha kuvuta dawa kwa mdomo, baadaye ya kahawia. Nesi alisema huenda ni baridi, huenda ni umri, huenda ni unyevu, na Shangazi hapendi watu wanaosema huenda. Yeye alishajua. Kando ya mto, kutoka kwenye balkoni yetu ukipinda shingo kidogo, kuna gati ambapo meli hushusha mchanga na kokoto. Bandari ya London ni mto mrefu uliokatwakatwa vipande, na kipande hicho ndicho chetu.

"Meli ikifunga gati Ijumaa, Jumamosi sipumui," alisema.

"Shangazi, vitu viwili kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kinasababisha kingine."

"Sawa, profesa. Basi nikifa Jumamosi usiwaambie watu ni meli. Waambie tulikuwa tunakwenda pamoja."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania tu. Alikuwa ameshaanza kutafuta wa kubadilishana naye nyumba. Mashirika huruhusu hivyo: wewe unaichukua ya mwenzako, yeye anachukua yako. Alimpata dada mmoja Mkenya anayefanya kazi uwanja wa ndege, ana fleti ya chini huko Hounslow, jirani na uwanja wenyewe, yenye kipande cha bustani, na alitaka sana kuhamia Woolwich kwa sababu binti yake anaishi huku na anatarajia mtoto. Walikuwa wameshaitana dada. Kilichobaki ni Shangazi kusema ndiyo.

Jioni moja alinikalisha mezani. "Wewe unapima bandari za dunia nzima. Nipimie hii moja. Ukisema ni meli, nahama. Ukisema si meli, nabaki kwangu nitafute dawa nyingine. Lakini unipe jibu, usinipe maswali."

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi nilivyovimba kichwa. Namba zangu zote zilikuwa zinakwenda kwenye ripoti ambazo watu huzifungua ili waone jina lao liko wapi. Hii ingeamua mtu alale wapi. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilianza kuchora ramani.

Ofisini tulikuwa na vichupa vya kupimia hewa vilivyobaki kwenye mradi mmoja. Ni vichupa vidogo vya plastiki, vina mdomo wazi chini na dawa juu. Unakifunga mahali, unakiacha wiki kadhaa, kinajinywea gesi ile inayotoka kwenye vitu vinavyoungua, halafu unakipeleka maabara. Msimamizi wangu aliniruhusu kuvichukua. Kimoja nilikifunga kwenye uzio wa gati lenyewe, kwa ruhusa ya bwana wa zamu aliyedhani mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kimoja kwenye nguzo ya taa barabara kuu, karibu na soko, mabasi yanapopumzika. Kimoja kwa mzee wa ghorofa ya juu kabisa, na kimoja kwetu.

Mzee wa juu ni Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu. Alikaa Southall, akakaa Hounslow, sasa yuko juu yetu, na Kiswahili chake kimebaki vilevile alivyokibeba. Kwa miaka yote ile ya Hounslow alikuwa na adui mmoja tu.

"Hiyo si meli," aliniambia nilipokuwa nakifunga kichupa kwenye kona ya balkoni yake, ambayo iko wazi, upepo unakupiga mpaka machozi. "Hiyo ni ndege. Mimi nawajua hao. Mdomo ya hii kitu angalisha juu."

"Lazima uelekee chini, mzee. Mvua itaingia."

"Basi ndege imepona." Akatikisa kichwa. "Na huyo shangazi yako anataka kuenda Hounslow? Mwambie abebe pamba ya masikio. Mimi nilikuwa nikisema jambo moja kwa bibi yangu, ndege inapita katikati, anasikia jambo lingine. Ndiyo sababu hatukugombana."

Kwetu nilikifunga kwenye ndoano ya kamba ya kuanikia nguo, kwenye balkoni, kimo cha kichwa, kama mwongozo unavyotaka. Mwongozo uliuliza: ndani au nje? Niliandika nje. Balkoni ni nje, kila mtu anajua. Sikujiuliza hata kwa nusu dakika, mimi niliyeuliza bandari inaishia wapi mpaka wenzangu wakaenda kunywa kahawa bila mimi.

Tukasubiri. Jumamosi, siku ambayo Shangazi hana shifti, mambo yalikwenda kama kawaida ya nyumba yetu. Aliamka, akaamsha unga wa mchele alioulaza na nazi na iliki, akatoka na jiko lake dogo la gesi la mtungi, akalitua kwenye balkoni, akaweka chuma cha vitumbua. Chuma kile alitoka nacho nyumbani, kina vishimo vyenye matako ya mviringo, na hakikai kwenye jiko la umeme la kioo lililoko jikoni. Kinayumba kama mlevi na hakishiki moto. Isitoshe, kengele ya moshi ndani hulia hata ukichoma mkate. Shirika la nyumba lilishabandika tangazo kwenye lifti kwamba babekyu ni marufuku kwenye balkoni. Shangazi alilisoma na kusema ni haki kabisa, wale vijana wa ghorofa ya pili na nyama zao wana fujo. Yeye hapiki babekyu, anapika vitumbua. Na anapikia nje, kama mtu aliyelelewa.

Mimi nilikuwa nakaa pale pale kwenye kigoda, sahani mapajani, nikila vitumbua vya moto na kukitazama kichupa changu kinaning'inia juu ya jiko. Nilikuwa nikimweleza jinsi gesi inavyosafiri kutoka kwenye bomba la meli.

"Na inafika mpaka hapa?" aliuliza huku akikigeuza kitumbua kwa kijiti.

"Inafika. Inategemea upepo."

Akakohoa. "Umeona?" akasema. "Imefika."

Majibu ya maabara yalikuja nikiwa ofisini. Kichupa cha mzee wa juu kilikuwa na kiasi cha kawaida. Cha barabara kuu kilikuwa juu kidogo, mabasi yalijieleza. Cha uzio wa gati hakikuwa kizuri. Na cha kwetu kilikuwa juu kuliko vyote, juu sana, juu kuliko hata kile kilichofungwa mita chache kutoka ubavuni mwa meli.

Sasa, mtu yeyote anayeuza nyanya Woolwich angeuliza moshi unawezaje kuwa mwingi nyumbani kwa jirani kuliko jikoni unakotoka. Ningeambiwa hivyo na bandari yoyote ningeirudishia ripoti kwa maandishi mekundu. Lakini namba ile ilikuwa ya kwangu, na ilisema nilichotaka kusikia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali. Nilikuwa na maelezo. Nilisema majengo mawili ya upande wetu yanatengeneza kama mrija, upepo wa mto unaingia, unaukamata moshi wa meli juu kidogo ya gati, unaubeba na kuutua kwenye ghorofa yetu. Nilichora mishale. Mishale ilikuwa mizuri sana, ya bluu kwenye mto na myekundu kwenye ukuta wetu. Msimamizi wangu aliitazama, akaniuliza jambo moja tu.

"Kuna kitu kinachoungua karibu na hicho kichupa?"

"Hapana," nikamjibu. "Shangazi yangu havuti sigara."

Nikamwambia Shangazi. Nilidhani atashangilia. "Nilijua," alisema, lakini alilisema kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja cha marehemu. Akasimama akaenda kuyatazama maji. Baadaye nilimsikia akizungumza na dada wa Hounslow kwa simu, sauti ya kuchangamka, wakikubaliana aje Jumamosi mchana aione nyumba, wamalize. "Njoo na njaa," alimwambia. Alipokata simu aliuliza kama huko Hounslow, bustanini, mtu anaweza kuona maji yoyote. Nikasema nitaangalia kwenye ramani. Niliangalia. Kulikuwa na kidimbwi kwenye bustani ya jirani.

Ijumaa niliazima kile kifaa chetu cha mkononi cha ofisini, kinachosoma gesi hapo hapo na kuonyesha namba kwenye kioo. Sikukihitaji. Nilikitaka kwa ajili ya picha: mkono wangu, namba kubwa, na meli nyuma yake, ya kuwasilisha kwa wenzangu pamoja na mishale.

Jumamosi asubuhi nikatoka kwenye balkoni nikiwa nimechana nywele, kwa ajili ya picha ya mkono. Shangazi alikuwa ameshaanza, anapika vingi, vya mgeni. Nilikiwasha kifaa. Namba ikapanda vizuri mno. Nikanyoosha mkono kuelekea gati, simu kwenye mkono mwingine, nikatafuta meli.

Gati lilikuwa tupu.

Nilisogea kulia. Nikapinda shingo. Hakukuwa na meli upande huu wala ule. Palikuwa na maji, vigingi viwili vya chuma vya kufungia kamba, na ndege mmoja mweupe amesimama juu ya kimojawapo. Mkononi mwangu namba ilikuwa bado inapanda.

Mlango uligongwa, akaingia mzee wa juu, ambaye harufu ya vitumbua humfikia kabla ya ujumbe wowote. Akaja mpaka kwenye balkoni, na miwani yake ikafunga ukungu pale pale mlangoni. Akaivua, akaipangusa kwa shati.

"Mama, fungua dirisha," akasema. "Hapa ndani iko moto sana."

"Ndani wapi?" Shangazi akamjibu. "Hapa ni nje, baba."

Mzee akanyoosha kidole, akagonga mbele yake. Kioo kikalia, ko ko ko.

Balkoni yetu ina vioo. Labda nilipaswa kusema mapema, lakini nasema kwa mpangilio nilioujua mwenyewe. Ni majengo mapya haya, kila balkoni, isipokuwa za ghorofa ya juu kabisa, imezungushiwa vioo vya kuteleza kutoka juu mpaka chini, kwa sababu ya upepo wa mto, na Shangazi huvifunga mwezi wa kumi na kuvifungua joto likija. Nilikuwa nimevipangusa mwenyewe. Nilikuwa nimevilalamikia kwamba vinaharibu picha. Pale kwenye kigoda nilikaa mwezi mzima ndani ya sanduku la kioo pamoja na jiko linalowaka, nikieleza njia ya moshi wa meli.

"Huenda ni mabaki ya jana," nilisema. Ndiyo, nililisema. Lilikuwa limeshaanza kutoka.

"Mabaki ya nini?" akauliza Shangazi.

"Hebu lizime jiko kidogo."

"Vitaharibika."

"Kidogo tu, Shangazi."

Akalizima. Nikatelezesha kioo kimoja, upepo wa mto ukaingia kama mgeni mwenye haraka. Namba ikasita, ikaanza kushuka. Tuliitazama sote watatu ikishuka.

Shangazi hakuwa mtu wa kudanganywa na kidude. "Washa tena," akasema mwenyewe, akafunga kioo, akaliwasha jiko. Ikapanda. Akazima, akafungua. Ikashuka. Alirudia tena. Halafu akamgeukia mzee, akampa kifaa, akamwambia akipeleke kwake juu. Mzee alirudi baadaye na sura ya mtu aliyenyimwa haki yake.

"Kidogo sana," alisema. "Na ndege tatu imepita juu ya kichwa yangu. Hii mashine haijui ndege."

Nilianza kueleza kwamba moto wowote wa gesi hutoa gesi ile ile inayotoka kwenye injini, na pengine na nyingine mbaya zaidi, kwamba mahali palipofungwa...

"Gesi haina moshi," Shangazi alinikata.

"Haina moshi wa kuonekana."

"Mama yangu amepika kwa kuni maisha yake yote. Amekufa kwa uzee."

"Alikuwa anapikia uani, Shangazi. Uani hakuna vioo."

"Kwa hiyo unaniambia," aliongea polepole sasa, kijiti cha vitumbua mkononi, "unaniambia meli ni mimi."

Mzee wa juu aliangalia dari, ambayo ni sakafu yake. Mimi nilikichukua kifaa mkononi mwake, nikakizima.

"Meli si safi," nilisema. "Kichupa cha gatini kilikuwa kibaya kweli. Wangeweka umeme wa nchi kavu ingekuwa afadhali kwa watu wote wa hapa. Lakini kinachokubana kifua wewe, kwa kiasi kikubwa, nadhani, ni hiki."

"Unadhani."

"Najua."

"Juzi ulijua ni meli. Ukanichorea mishale." Akaketi kwenye kigoda changu. "Nimemwambia mtu wa watu aje. Amefunga safari kutoka Hounslow, treni na mabasi. Nimeshaanza kuaga kwenye moyo wangu, unajua maana yake? Usiku huu nimeamka nikayatazama haya maji nikayaambia, haya basi, tumekaa vizuri. Kumbe ninaondoshwa na kitumbua."

Nilitaka kusema kwamba anaondoshwa na mimi, si kitumbua, lakini huo nao ungekuwa ubishi.

Alivimalizia vilivyobaki akiwa amefungua vioo vyote, amevaa koti lake kubwa la kazini, moto wa jiko ukilala na kuinuka kwa upepo. Kimoja kilikuwa kibichi katikati. Tulikila hivyo hivyo.

Dada wa Hounslow alifika mchana, mwanamke wa kuchangamka, ametoka kwenye shifti ya alfajiri na bado ana beji shingoni. Alitembea vyumbani akisema "wah, wah" kwa kila kabati. Alipofika kwenye balkoni akashika kifua chake kwa mikono miwili.

"Na hii view? Dada, wewe uko serious unataka kuacha hii?"

Shangazi alimwekea sahani mbele. "Kula kwanza."

"Nakula, lakini niambie. Huku nitakuwa dakika kumi na msichana wangu. Nimeshapima hata curtains kwa macho."

Nilitamani Shangazi aniachie mimi niseme. Nilikuwa nimeandaa sentensi, zina vifungu. Hakuniachia.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nimekuita kwa jambo ambalo halipo. Nilidhani meli zinaniua kifua. Leo asubuhi nimejua ni jiko langu mwenyewe, nilikuwa najifungia nalo humu. Nyumba haina kosa. Siwezi kuiacha nyumba isiyo na kosa."

Dada wa Hounslow aliacha kutafuna. Aliangalia sahani, akaangalia jiko, akaniangalia mimi, sijui kwa nini.

"Ni hizi?" akauliza, akiinua kitumbua.

"Ni hivyo."

Akacheka, halafu kicheko kikamwisha kabla ya wakati wake. "Na msichana wangu nitamwambia nini? Nimemwambia nitakuwa naye kabla mtoto afike."

"Mwambie nitakuwepo," Shangazi alisema. "Mpaka upate nyumba huku, mimi niko hapa. Akishikwa na uchungu usiku anipigie, mimi nimezoea usiku. Uji nitampikia. Kwa jiko la umeme," akaongeza, akinitupia jicho.

Haikuwa nyumba, na wote tulijua haikuwa nyumba. Lakini dada alitoa simu, wakaandikiana namba ya binti, na aliondoka na vitumbua vilivyofungwa kwenye foili, akasema lifti yenu inanuka rangi, angalau Hounslow haina lifti. Mlangoni walikumbatiana kwa muda mrefu kuliko watu waliofahamiana kwenye simu.

Jumatatu nilirudisha kifaa ofisini. Msimamizi wangu aliuliza kuhusu picha. Nikamwambia hakukuwa na meli. Akasema pole, labda wiki ijayo. Niliifuta mishale, kisha nikakaa mbele ya ile safu ya visanduku vitupu ya bandari ya pwani yetu, nikafungua barua pepe yangu ya kwanza kwao na kuisoma tena. Ilianza na swali. Haikuwa hata na habari za asubuhi. Nikaandika nyingine, nikawauliza kwanza hali zao, na baada ya hapo nani kwao hupita gatini kila siku ambaye ninaweza kumpigia simu.

Jiko la gesi Shangazi aliliweka chini ya kitanda, limezungushiwa kanga. Chuma cha vitumbua kinatembea sasa: kuna jumuiya fulani yenye jiko kubwa ukumbini, lenye bomba la kuvuta hewa, na Shangazi hubeba unga wake kwa basi huku akilaani. Anasema vitumbua vya kule vinatoka na aibu ya kutazamwa. Kifua, sijui. Nesi ameridhika. Inhela ya kahawia bado iko kwenye pochi, lakini sijamwona akiitoa kwa muda, na nimejizuia kumuuliza mara ngapi, jambo ambalo nataka lihesabiwe kwenye sifa zangu.

Jumamosi iliyopita meli ilikuwepo, nyeusi, ndefu, injini inaunguruma kama mtu anayetafuta neno. Shangazi alikuwa kwenye balkoni, vioo vimefunguliwa vyote, koti mpaka kidevuni, kikombe cha chai kinatoa mvuke. Nilitoka nikajikunja karibu naye. Meno yalikuwa yanagongana. Nilivumilia kadiri nilivyoweza.

"Shangazi, unapumua vizuri?"

"Nilikuwa napumua vizuri," alisema, macho yake yakiwa kwenye maji, "mpaka ulipouliza."